Pete ya Gramu Nne

Gauni lilikuwa la bibi harusi wa Jumamosi, na Alhamisi saa saba za usiku bado nilikuwa nahangaika na pindo lake. Desemba sisi mafundi wa cherehani wa Nakuru hatulali. Harusi zinafuatana, wasimamizi wanabadilisha mawazo juu ya mikono na shingo, na nyuma yake inakuja Januari na sare zake za shule. Watoto wangu watatu walikuwa wamelala upande wa pili wa pazia. Redio niliiweka kwenye rafu ya nyuzi, sauti chini kabisa. Niliiwasha kila usiku, kwa sababu nikishona kimya nilianza kulia, na chozi likidondoka kwenye satini nyeupe huacha doa ambalo pasi hailiondoi.

Mwaka ulikuwa 2011. Baba watoto alikuwa ameondoka nyumbani mwaka mmoja na miezi minne kabla ya usiku huo.

Mtangazaji alisema anapiga wimbo wa kantri wa mwaka 1976, “Golden Ring”, wa George Jones na Tammy Wynette. Niliufahamu. Ulikuwa katika kanda moja ya mume wangu, upande wa pili, baada ya Kenny Rogers. Kisha akasema jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia na sidhani kama alilijua: kwamba waimbaji hawa walikuwa mke na mume, na wimbo ulipotoka walikuwa wameshatalikiana tangu mwaka uliotangulia.

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Nikausikiliza wimbo wote mikono ikiwa mapajani.

Kwa asiyeujua, kisa chake ni kifupi. Kijana na msichana wako katika duka la rehani mjini Chicago, siku ya jua, wanatazama pete. Wananunua moja. Alasiri hiyo hiyo wanafunga ndoa katika kanisa dogo. Ubeti unaofuata uko ndani ya nyumba ya vyumba viwili, nao wanagombana kwa mara ya mwisho. Mwanamke anaitupa pete chini na kutoka. Mwishoni pete imerudi palepale dukani, inangoja wengine. Yote hayo kwa muda wa kuchemsha chai. Mtunzi Bobby Braddock, aliyeuandika pamoja na Rafe Van Hoy, alipata wazo hilo baada ya kutazama kipindi cha televisheni kilichofuata bastola moja ikipita mikononi mwa watu mbalimbali. Akaiondoa bastola, akaweka pete.

Kilichonishika ni kwamba wimbo hausemi kosa ni la nani. Hamna pombe ndani yake, hamna mwanamke wa pembeni, hamna mama mkwe. Na wanaouimba ni watu wawili waliokuwa na kila sababu ya kutupiana lawama. George Jones alikuwa mlevi aliyejulikana Marekani nzima. Alikosa kufika kwenye maonyesho yake mwenyewe mara nyingi hivi kwamba watu walimbandika jina la utani kwa ajili hiyo. Tammy alikuwa na mengi ya kumshtakia. Lakini kwenye kiitikio wanaingia pamoja, sauti ya mwanamume na sauti ya mwanamke, na hakuna anayemfunika mwenzake.

Kwa miezi kumi na sita kila mtu alikuwa ameniuliza swali moja tu: kosa ni la nani?

Nieleze tulikotoka. Tulioana Desemba 1998. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza nimemaliza kujifunza ushonaji, na yeye alikuwa taniboi aliyekaribia kupewa lori la kuendesha. Pete aliinunua kwa sonara mjini, dhahabu ya karati kumi na nane, akailipa kwa awamu tatu. Uzito wake niliujua tangu siku ya kwanza kwa sababu alipenda kuutaja. “Gramu nne, Mama,” aliniambia huku akinivisha ili aone kama inaingia. Alikuwa ananiita Mama hata kabla hatujazaa. Tukaanza maisha katika vyumba viwili Kaptembwo, kimoja cha kulala, kingine cha kupikia, kushonea na kupokea wageni.

Wageni hushangaa wakisikia jinsi Wakenya tunavyoupenda muziki wa kantri. Mimi sishangai. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton, hawa tuliwapata kwenye redio ya taifa tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, na wazazi wetu waliwasikiliza Jumapili jioni wakipiga pasi nguo za wiki. Ni muziki wa watu wa mashamba, wa ng'ombe na wa barabara ndefu na wa kumlilia Mungu, na bonde letu hili lina hayo yote. Siku hizi tuna hata waimbaji wetu wenyewe, kama Elvis Otieno anayeitwa Sir Elvis. Dereva anayetoa mzigo Mombasa hadi Malaba ana saa nyingi za upweke, akisubiri zamu kwenye mizani ya Mariakani, akilala kwenye foleni ya mpakani. Mume wangu alizijaza saa hizo kwa kanda. Akirudi nyumbani alikuja nazo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maembe ya Pwani, na watoto walijua kwamba maembe ni yao na kanda haziguswi.

Sitaki anayesoma hapa adhani niliolewa na mtu mbaya. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nchi ilipowaka, lori lake lilikwama ng'ambo ya Eldoret na shehena ya saruji iliyokuwa ikienda Uganda. Siku kumi na moja sikujua kama yuko hai. Moto ulifika Nakuru mwishoni mwa mwezi huo. Niliwalaza watoto chini ya meza ya kukatia vitambaa, yule mdogo ananyonya, nikaiweka cherehani nyuma ya mlango kana kwamba ingeuzuia. Aliporudi alikuwa amepungua, ndevu zimemjaa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuwahesabu watoto kwa kuwagusa vichwani, mmoja mmoja. Kisha akaushika mkono wangu wenye pete, akakaa nao hivyo hadi chai ikapoa. Hakutoka nyumbani wiki tatu. Ndoa yangu nikiikumbuka, naona ni haki nizikumbuke na wiki hizo.

Baada ya hapo kuna kitu kiliharibika ndani yake ambacho hakukisema na mimi sikukiuliza vizuri. Alianza kunywa. Safari zikawa ndefu zaidi na pesa zikawa chache zaidi. Halafu kukawa na mwanamke Malaba. Sikuambiwa na mtu. Niliuona ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, jina moja la kike, kila tarehe tano, kiasi kilekile. Mtu anayetuma kiasi kilekile kila mwezi analipa kodi ya nyumba. Baadaye nikajua kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna na mtoto.

Na mimi? Ushuhuda unaomtaja mwenzako peke yake si ushuhuda, ni mashtaka, kwa hiyo niseme na yangu. Nilianza kuficha pesa za ushonaji hata alipokuwa ameishiwa kwa haki. Nilikwenda kwa mama yake nikayamwaga yote mbele ya wifi zangu, nikijua yatafika kila nyumba kabla ya jioni. Nilimsema mbele ya watoto. Usiku mmoja wa Aprili, mvua inapiga mabati, alifika kutoka Mombasa akagonga, nami nikiwa macho nikakaa kimya. Aliita jina langu mara tatu. Alikwenda kulala kwenye lori. Nilimsikia akiondoka, hatua zake kwenye maji, na nikaona nimeshinda.

Tuligombana kwa Kiingereza ili watoto wasielewe. Tammy Wynette ana wimbo wa mwaka 1968 kuhusu jambo hilihili, mama anayetamka maneno machungu herufi moja moja ili mtoto wake wa miaka minne asiyashike. Ni Braddock tena aliyeuandika, na Curly Putman. Sisi hatukuwa na mtoto wa miaka minne tu. Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la tano na alikuwa wa kwanza katika Kiingereza. Aliniambia alipokuwa mtu mzima kwamba maneno mengi ya talaka aliyajua kutoka nyuma ya pazia, kabla hajakutana nayo kitabuni.

Aliondoka Agosti 2010, mwezi ambao nchi ilikuwa inashangilia katiba mpya. Alichukua nguo na ule mfuko wa kanda. Redio aliiacha.

Kanisani nilikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama. Nikaombwa nipumzike kidogo hadi mambo ya nyumbani yatulie. Wazee waliniita wakaniuliza, kwa upole, nilifanya nini hadi mume akaondoka. Mama yangu mzazi alisema, “Mwanangu, mwanamke ni kuvumilia. Nenda ukamwombe radhi.” Wenzangu wa chama walitaka kinyume chake. Walitaka nimlaani, nimpeleke kwa chifu, nimfuate Malaba nikavunje sufuria za yule mwanamke. Kila upande ulikuwa na hukumu yake tayari na ulinihitaji nije kuitia sahihi. Nawaambia ukweli, hukumu hizo mbili zilinichosha sawasawa. Nilikonda hadi gauni zangu nikazipunguza mara mbili. Kuna usiku nilioona watoto wangekuwa heri kwa dada yangu kuliko kwangu. Jirani yangu, mama muuza mboga ambaye hakuwahi kuniuliza lolote, alianza kuja kila jioni na sukuma iliyobaki, akaikata pale pale kwangu, akakaa hadi nile. Lile kanisa nalo, nisilidhulumu, mke wa mchungaji aliniletea unga mara mbili na hakutaka lijulikane.

Basi usiku ule wa gauni, watu wawili wa mbali, wa Texas na wa Mississippi, walikuwa wa kwanza kuniambia kwamba ndoa inaweza kufa na waliokuwa ndani yake wakasimama pamoja na kusema: imekufa, ilikuwa yetu. Hawakudai kwamba haikuwahi kuwa na thamani. Pete ya kwenye wimbo ni ya thamani pale tu watu wawili wanapoipa upendo. Wakiacha, inabaki kuwa madini. Hilo halikunitukana. Nilikuwa nimebeba mawazo mawili tu, kwamba nilikuwa mjinga tangu 1998 au kwamba ningali mke wake nikisubiri. Wimbo ukanipa la tatu.

Nilitaka kumjua huyu mwanamke. Wiki iliyofuata, nimeshalipwa gauni, nikaingia duka la intaneti nikalipia nusu saa. Nikasoma kwamba alizaliwa mwaka 1942, akalelewa shambani Mississippi, akachuma pamba utotoni. Kwamba kabla ya muziki alikuwa msusi, na alifika Nashville mwaka 1966 akiwa na watoto na bila mume. Kwamba mwaka uleule wa 1968 alioimba wimbo wa herufi za talaka ndio alioimba “Stand By Your Man”, ambao yeye mwenyewe alishiriki kuutunga, wimbo wa kumwambia mwanamke asimame na mumewe, na kwamba yeye mwenyewe aliolewa mara tano. Watu humcheka kwa hilo. Mimi sikuona la kucheka. Niliona mtu aliyeamini kweli kila mara, na kila mara akalipa.

Lakini kilichonifanya nirudi nyumbani kwa mwendo mwingine ni jambo dogo. Hata baada ya kuwa nyota, hata baada ya kuwa na nyumba kubwa na mabasi ya safari, Tammy aliendelea kuihuisha leseni yake ya ususi kila mwaka. Ikiwa muziki ungemtupa, angerudi kusuka watu nywele. Nilisimama nje ya duka lile nikiwa nimeshika mkoba kifuani. Mimi nilikuwa na ufundi wangu mkononi, na kwa miezi kumi na sita nilikuwa nimeushika kama adhabu, kitu cha kunifanya nisilale. Januari nilichukua mkopo wa chama nikanunua overloki ya mtumba. Sare nilizoshona mwaka huo zilikuwa mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Januari hiyohiyo nilimpigia simu. Nilikuwa nimeyaandika ya kusema kwenye karatasi ya kukatia mitindo, ili hasira isinipeleke kwingine.

“Baba Watoto, sikupigii urudi. Nimekubali kwamba imekwisha. Napiga kuhusu watoto.”

Nilisikia injini ya lori ikiunguruma, na yeye akiwa kimya. Kisha akasema, “Sema, nasikia.”

Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kila tarehe tano na huku nako kuje kitu, hata kikiwa kidogo. La pili, mmoja asimseme mwenzake mbele ya watoto. La kwanza yeye alilivunja mara nyingi kuliko nilivyohesabu. La pili mimi nililivunja mara mbili, na mara zote mbili binti yangu alinyanyuka akatoka nje. Hatukuwa marafiki. Kulikuwa na miezi tuliandikiana ujumbe wa maneno matano: “Ada imefika?” “Bado.” “Kesho.” “Sawa.” Lakini tuliendelea kusikilizana, na mtu akiniuliza nilipitaje nitamwambia nilipita kwa ujumbe wa aina hiyo, mmoja baada ya mwingine, miaka mingi.

Januari 2014 binti alipata nafasi ya kidato cha kwanza, shule ya bweni. Karo nilikuwa nimeichanga, yake na yangu. Ila orodha ya vitu ilikuwa ndefu: sanduku la bati, godoro, blanketi mbili, ndoo, viatu, kufuli. Nikaitoa pete kwenye kopo la vifungo nilimoiweka tangu Agosti ile, nikaenda kwa sonara. Hakuwa yuleyule. Aliisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea asidi juu ya ule mstari wa dhahabu, akautazama kama ungefifia. Haukufifia. Akaiweka kwenye mizani yake ndogo ndani ya kisanduku cha kioo.

“Tatu nukta nane, mama,” akasema.

Nikamwambia ni gramu nne. Akasema dhahabu huisha ikivaliwa, inalika kidogo kidogo na sabuni na kazi. Nukta mbili zile zilikuwa zimekwenda katika miaka kumi na miwili ya kufua na kushona. Alinipa elfu nane. Nikamuuliza ataiuza kwa nani, kwa sababu nilikuwa nimewaza lile dirisha la Chicago na vijana wawili wengine wakiinama kuitazama. Akasema haiuzi hivyo ilivyo. Ataiyeyusha pamoja na vipande vingine. Nilifurahi kusikia hivyo. Sikutaka mtu mwingine aivae.

Sanduku nililonunua lilikuwa la bluu, la fundi wa bati wa mtaani, lina bawaba imara. Asubuhi ya kuripoti, baba yake alikuja. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja kazini. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni, akaliinua sanduku begani, akatangulia hadi kituo cha matatu. Sikumwambia lilitoka wapi.

Mwaka 2016 tulikwenda mahakamani kuimaliza kwa sheria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja sababu ambazo ndoa ya Kikristo inaweza kuvunjwa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, na miongoni mwa hizo kuna ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebika. Wakili aliniambia nina ushahidi wa uzinzi ambao hauna ubishi, kuna hadi mtoto, kwa nini nisiutumie? Nilimwomba aandike hiyo ya mwisho. Alidhani naogopa. Sikuogopa. Nilijua karatasi hiyo siku moja wanangu wataisoma, na nilitaka wasome jambo ambalo sisi wawili tungeweza kulitamka pamoja bila mmoja kuinamisha kichwa. Yeye alipoisoma alinitazama kwa muda, akatia sahihi.

Siku hizi hanywi, sukari ilimkataza. Anaishi Malaba na familia yake, na yule mtoto wa huko ni kijana mkubwa mwenye adabu ambaye humwita binti yangu dada. Nami nimerudi kwenye kwaya, kanisa jingine, sauti ya pili. George na Tammy nao walikutana tena mwaka 1995, miaka ishirini baada ya talaka, wakatoa albamu nyingine pamoja. Tammy alifariki Aprili 1998, mwaka uleule niliovishwa pete. George alimfuata mwaka 2013. Naomba mniruhusu kusema kwamba nawakumbuka katika sala, ingawa sikuwahi kuwaona.

Desemba 2023 walikuja kuleta mahari ya binti yetu. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na mashauri marefu. Upande wa baba yake ulipendekeza yeye akae mbele na mke wake wa Malaba, na mimi niwe jikoni na wapishi ili pasiwe na maneno. Upande wangu ulisema asije kabisa, atume mbuzi. Binti alituita sote wawili kwenye simu moja. “Baba, Mama,” akasema, “mimi nina wazazi wawili. Mkiwa hamwezi kukaa viti viwili kwa saa tatu, waambieni wageni wasije.”

Tukakaa. Viti vya plastiki vyeupe, chini ya hema, nyumbani kwa kaka yangu, huko Njoro. Gauni la binti nililishona mimi, na sikulia juu yake. Mazungumzo yalikwenda kama yanavyokwenda, mafumbo, vicheko, wazee wakiomba maji ya kulainisha koo. Ikafika mahali msemaji wa wageni akasimama na kuwauliza wazazi wa msichana kama wanaukubali ugeni huu. Kwa desturi anajibu baba. Yeye alinigeukia kwanza. Sikutarajia, na hatukuwa tumepanga lolote, lakini tulisema kwa wakati mmoja, “Tumekubali.”

Baadaye, watu wakila, tulijikuta tumesimama karibu na tangi la maji, kila mmoja na sahani yake. Aliuangalia mkono wangu.

“Mama,” akasema. Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu 2010. “Ile pete uliiweka wapi?”

“Niliiuza. Alipoenda kidato cha kwanza. Ndiyo iliyonunua sanduku.”

Akanyamaza. Upande wa pili wa uwanja binti yetu alikuwa anacheka na shemeji zake wapya.

“Lile la bluu?”

“Lile la bluu.”

“Lile nililolibeba mimi?”

“Ulilibeba wewe,” nikamwambia. “Hadi kituoni.”

Akaiweka sahani yake juu ya tangi. Mpiga picha alikuwa anatuita, wazazi wa msichana waje.